Mwamba Uliokuwa Ng'ambo

— Eti, mama, kile kipande ni upana wa mkeka tu, mwachie baba mdogo ajilalie. Ndivyo mwanangu alivyoniambia asubuhi hii, na chai yangu mkononi mwake. Mwanangu wa kumzaa mwenyewe. Nikamuuliza, huo mkeka umeusuka wewe, hata ujue upana wake?

Bibi Kesi alikuwa hajakaa bado. Alisimama mbele ya kijiwe, kapu la unga kutoka mashineni limemning'inia mkononi, anamrudia mwanawe maneno kwa sauti ya puani ambayo mwanawe hana. Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali nje ya chumba cha kinyozi, na upande mmoja umebonyea kwa sababu ya makalio ya Gia Nne, dereva mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hata barabara iwe tupu hakuwahi kuingiza gia ya tano. Pembeni yake hukaa Fundi Saa, mwenye kile kioo kidogo cha kubana jichoni. Mlangoni husimama Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja, na kwenye jiko la mkaa yupo Birika, ambaye hauzi kitu kingine ila kahawa na maneno. Mwanamke wa kukaa pale ni Bibi Kesi peke yake. Hakusoma hata darasa moja, lakini kichwani mwake ugomvi wote wa ukoo umepangwa kama vyombo kabatini: nani alimnyima nani kiti kwenye harusi ya nani, nani aliitwa mchoyo na mbele ya watu gani. Watu wakisahau kwa nini hawasalimiani, humwendea awakumbushe.

— Kaa, Bibi, alisema Birika. Kahawa haisimamiwi.

— Nitakaa nikiiona ramani. Gia Nne, umeileta au umekuja na tumbo tu?

Gia Nne alikuwa ameileta. Kabla ya lori, ujanani, aliwahi kuendesha gari la wapima ardhi waliozunguka huku vilima vyote na miwani yao ya miguu mitatu. Walipoondoka walimwachia karatasi moja kubwa, naye akaitandika chini ya sanduku la nguo, ikakaa humo miaka na miaka ikilaliwa na suruali. Bibi Kesi ndiye aliyemkumbusha kwamba anayo. Kesho wapimaji wapya wanakuja kuweka mawe ya mpaka kati ya shamba lake na la shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, na safari hii Bibi Kesi hakutaka kushinda kwa mdomo. Alitaka kushinda kwa karatasi.

Ramani ikakunjuliwa juu ya ubao. Ilinuka dawa ya nondo. Wakaibana pembe zake kwa vikombe.

— Mbona ya kijani hivi? aliuliza Kipara. Utafikiri imeota ukungu.

— Kijani ni msitu, alisema Gia Nne.

— Msitu wa wapi?

— Wa hapa.

Wote wakainua macho kukitazama kilima. Kilikuwa uchi kama kilivyokuwa jana, chekundu, kimechanika makorongo kutoka kileleni hadi chini, na moshi wa matanuri ya matofali unatoka kwenye ubavu wake.

— Mimi nimezaliwa hapa, alisema Kipara, na sijawahi kuona msitu.

— Wewe umezaliwa juzi.

— Juzi ya wapi, mzee? Nina wajukuu. Nakwambia huyo aliyechora alikuwa na rangi ya kijani nyingi, akaona isiharibike bure.

— Hapana, alisema Fundi Saa, taratibu, kama mtu anayefungua saa ya gharama. Ule ni mpango. Walichora wanavyotaka nchi iwe. Kwamba hapa patakuja kuwa msitu. Basi fedha ikaliwa, msitu haukuja.

— Nyinyi wote hamjui, alidakia Birika. Msitu ulikuwepo, ukahamishwa. Kuna matajiri wanang'oa mti na mizizi yake, wanaufunga magunia, wanakwenda kuupanda kwao. Binamu yangu aliona.

— Aliona mti uko kwenye gunia?

— Aliona gunia.

Gia Nne alikuwa ameanza kufuta kikombe chake kwa shati, kikombe ambacho bado kilikuwa na kahawa.

— Wewe Gia Nne, alisema Bibi Kesi. Lile lori lako miaka ile lilikuwa linabeba nini?

— Mizigo.

— Mizigo gani?

— Mirefu mirefu.

Fundi Saa akakumbuka kazi kwenye kucha zake. Kila mmoja alijua boriti za nyumba yake zilitoka wapi, na Kipara, aliyetaka kusema kitu, alikumbuka kwamba matanuri yale juu ya kilima yalianzishwa na baba yake, na tanuri haliwaki kwa maombi. Hata Bibi Kesi mwenyewe, waliporudi na mume wake kutoka kiwandani, ni magogo ya mwisho ya kilima kile yaliyosimamisha jiko lake. Ramani ilikuwa imelala pale katikati yao, kijani tupu, na wao wameizunguka kama watoto waliokutwa na mkono ndani ya sufuria.

— Basi, alisema Bibi Kesi. Mimi sikuja kutafuta miti. Nitafutieni mpaka wangu.

Ugomvi wenyewe pale kijiweni walishaukariri wote. Mama mkwe wake, siku alipowagawia wanawe, alisema maneno mafupi: huku kwa mkubwa, ng'ambo kwa mdogo, kijito katikati. Mkubwa ndiye mume wa Bibi Kesi. Hata kujenga hawakujenga, wakaondoka kwenda kufanya kazi kiwandani mbali, wakakaa huko hadi watoto wakaota ndevu. Waliporudi, Bibi Kesi alikuta shemeji yake analima kipande kilichoko huku, upande wao wa kijito, kile chenye mwamba mkubwa uliopasuka katikati. Akamuuliza mbona umevuka maji. Shemeji akasema hakuvuka, maji ndiyo yaliyomvuka yeye, kijito kilihama mvua za mwaka mmoja wakiwa hawapo. Bibi Kesi akamcheka mbele ya wakwe. Kijito kina miguu? Kilifunga na mizigo, au kiliondoka mikono mitupu? Na kutoka siku hiyo nyumba mbili za baba mmoja zikawa hazipeani hata moto.

— Mpaka ndiyo hii mistari ya udongo, alisema Gia Nne, akafurahi kubadilisha mazungumzo. Umeona ilivyojaa? Kila mstari ni shamba la mtu.

Kweli ilikuwepo, mistari myembamba ya rangi ya udongo, imekizunguka kilima, mmoja ndani ya mwingine. Gia Nne akaonyesha pembetatu ndogo katikati: hii ni ile nguzo ya saruji kileleni, tuliijenga sisi, mchanga niliubeba mimi. Kutoka hapo akateremka na kidole hadi mahali ambapo, kwa hesabu yake, Bibi Kesi alikuja kujenga. Bibi Kesi akaweka kidole chake juu ya mstari uliopita hapo, akaufuata. Mstari ulikwenda, ukapinda, ukaendelea. Kidole kikapita mashineni, kikapita zahanati, kikazunguka nyuma ya kilima, kikarudi.

— Mnaona? alisema kwa furaha. Lote hili ni letu. Kumbe shemeji hakuchukua kipande. Shemeji analima hadi jikoni kwangu.

— Hebu nitafutie la baba, alisema Kipara.

Wakalitafuta. Nyumba ya baba yake ilikuwa juu zaidi, karibu na kilele. Mstari uliopita pale ulikuwa mdogo, ukajifunga wenyewe kuizunguka pembetatu.

— Sasa hili ni shamba au bangili? Baba alikuwa analima kwa kuzunguka?

— Ndiyo maana alikuwa na kizunguzungu, alisema Birika.

— Na la Bibi limelizunguka la baba. Kwa hiyo baba alikuwa anatokaje nje? Anaruka?

Fundi Saa akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Gia Nne hakucheka. Alikuwa amekunja paji la uso, na kidole chake kimesimama hewani.

— Ngojeni, alisema. Ngojeni kwanza. Wale wapimaji walikuwa wanasimama mmoja juu mmoja chini, wanapigiana kelele. Urefu. Walikuwa wanatafuta urefu wa ardhi. Aliniambia yule mrefu, siku gari lilipokwama: ukitembea juu ya mstari mmoja hupandi wala hushuki. Hii si mipaka. Hii ni mwinuko.

— Umeendesha watu hawa muda wote ule, alisema Kipara, na hukuwahi kuuliza wanachora nini?

— Niliajiriwa kuendesha. Wewe huwa unaviuliza vichwa unavyonyoa vinawaza nini?

Bibi Kesi aliondoa kidole chake polepole. Ufalme wake ulikuwa umedumu muda wa kikombe kimoja, na aliona aibu kidogo ya kukubali haraka hivyo, lakini aliimeza.

— Haya. Kama mpaka haukuandikwa, kijito kimeandikwa. Kijito ndicho mpaka. Nitafutieni maji.

Maji hayakutaka kutafutwa sana, yalikuwa uzi wa buluu unaoshuka kutoka kilimani. Fundi Saa akabana kioo chake jichoni, akainama hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Akaufuata uzi taratibu. Karibu na chini kulikuwa na alama nyeusi, nukta zilizosongamana.

— Hii nini?

— Jiwe, alisema Gia Nne. Mwamba. Ule uliopasuka. Tulikula chakula juu yake, kwa hiyo naujua.

Fundi Saa akatazama tena. Akakitoa kioo, akakifuta, akakirudisha jichoni, akatazama mara nyingine.

— Sema, baba, alisema Bibi Kesi. Saa imekufa?

— Bibi, leo ule mwamba uko upande gani wa kijito?

— Unaniuliza wakati unapita pale kila siku? Uko huku. Huku kwetu. Ndio ugomvi wenyewe.

— Kwenye ramani uko ng'ambo.

Birika aliinama kupuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

— Umeishika kichwa chini, alisema Bibi Kesi.

Wakaigeuza. Vikombe vikaondolewa, ramani ikazungushwa, vikombe vikarudishwa. Uzi wa buluu ulipita kati ya nyumba ya Bibi Kesi na mwamba. Wakaigeuza tena, safari hii kwa ubavu. Bado mwamba ulikuwa ng'ambo. Ilikuwa kama mtu anayekugeuzia uso kila unapomzunguka ili akutazame vizuri.

— Aliyechora alikuwa amelewa, alisema Kipara. Gia Nne, si walikuwa wanakunywa?

Gia Nne alimtazama Bibi Kesi, kisha akatazama chini.

— Walikuwa wanakunywa sana, alisema.

— Basi tumemaliza. Mlevi anaweza kuchora kijito hata juu ya paa.

— Halafu kuna miamba miwili, aliongeza Fundi Saa. Huu wa kwenye ramani ni mwingine. Ulivunjwa kokoto za barabara.

— Au ni huo huo, lakini umevuka, alisema Birika. Mawe yanatembea. Taratibu sana, ndiyo maana hatuyaoni. Binamu yangu ana jiwe la kusagia, alilala nalo jikoni akaamka liko mlangoni.

— Mwamba ule ulikuja wenyewe, alikazia Kipara. Ulikuwa kwa shemeji, ukaona bora uhamie kwa Bibi. Nani asiyejua yule mzee alivyo na mkono mfupi?

Walikuwa wameanza kushindana. Kila mmoja alitupa lake, na kila lililofuata lilikuwa kubwa kuliko lililopita: ardhi iliteleza yote kwa pamoja, ramani ilichorwa kwenye kioo ikatoka kinyumenyume, wapimaji walihongwa na babu wa shemeji akijua siku moja kutakuja kesi. Siku nyingine Bibi Kesi angeyapokea maneno yao na kuyatia chumvi. Leo aliwasikiliza na akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona pale kijiweni. Hawakuwa wanabishana. Walikuwa wanamfunika. Wanaume wazima walikuwa wanamvulia mashati yao ya maneno wamsitiri, kama mtu aliyedondokewa na kanga sokoni.

— Nyamazeni, alisema. Mnanidanganya vizuri, lakini nyamazeni.

Kipara akarudi kuegemea mlango wake.

— Pale ninapopanda viazi, alisema Bibi Kesi, hakusema na mtu, alisema na kapu lake. Lile bonde kati ya nyumba yangu na mwamba. Nikilima, jembe linalia. Kokoto. Za duara, laini kama mayai ya njiwa. Moja ninayo bafuni mpaka leo, nasugulia visigino. Siku zote nilijiambia ni ardhi mbaya. Kokoto laini inalainishwa na nini, kama si maji?

Wote pale walijua.

— Kijito kilikuwa kinapita kwenye viazi vyangu. Mama mkwe aliposema kijito, alisema hicho. Miti ilipoisha juu, kilima kikashuka na mvua, kikaziba njia ya maji, maji yakatafuta pengine. Shemeji aliniambia. Aliniambia kwa kinywa chake, mbele ya wakwe, nikamuuliza kama kijito kilifunga mizigo.

— Bibi, hukuwepo, alisema Gia Nne. Ulikuwa kiwandani. Ungejuaje?

— Ndiyo. Sikuwepo. Nilisema kama mtu aliyekuwepo.

Akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu alipofika, na alikaa ukingoni kabisa, kama mgeni. Kwa sababu kesi haikuishia kwenye viazi. Mke wa shemeji alipofariki, shemeji alimzika pale kwenye kile kipande, chini ya mwamba, penye kivuli. Mwanamke ambaye Bibi Kesi alipika naye jiko moja walipokuwa maharusi, aliyemfundisha kubeba maji kichwani bila kata, aliyemshika mkono siku mtoto wake wa kwanza alipochelewa kutoka. Watu walipita na jeneza mbele ya nyumba yake, na Bibi Kesi hakutoka. Alikaa barazani anachambua maharage, uso ameuelekeza kwao, apate kuonekana kwamba yupo na hatoki. Na kesho yake alikuja hapa, akakaa kwenye ubao huu huu, akasema: wale hawakuzika mtu, wamezika jiwe la mpaka.

Na kijiwe kilicheka. Kipara alicheka hadi mteja wake akapunguzwa sikio. Gia Nne aliurudia ule mzaha sokoni, Birika akaupeleka stendi, na kabla jua halijazama ulikuwa umeshafika kwa shemeji, ambaye alikuwa bado na udongo kwenye viatu.

Sasa wote wanne walikuwa wanalifikiria jambo hilo moja, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Fundi Saa alianza kuikunja ramani, polepole, aifiche ile kijani ndani.

Ndipo alipotokea mke wa mwana mdogo wa shemeji, aliyeolewa juzi tu, kanga mpya bado ina wanga. Alikuwa hajawahi kufika kijiweni. Alisimama mbali kidogo, akapiga goti nusu.

— Shikamooni. Mama mkubwa, nimekutafuta nyumbani, nikaambiwa uko huku.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimetumwa na baba mkwe. Amesema wapimaji wakija kesho yeye hatatoka, miguu inamsumbua, na amesema hana tena nguvu ya kubishana. Amesema popote mama mkubwa atakapoelekeza, jiwe liwekwe hapo hapo. Hata kama ni ng'ambo ya maji. Ombi lake ni moja tu, kaburi wasilipitie na mashine, walizunguke.

Alisema yote kwa pumzi moja, kama mtoto aliyekariri asisahau, kisha akatua.

Kipara aliinama sikioni kwa Bibi Kesi kama anayempangusa nywele begani.

— Amekupa, alinong'ona. Amekupa mwenyewe, Bibi. Hii karatasi inarudi chini ya suruali za Gia Nne. Sisi hatujaona kitu.

Gia Nne alikuwa ameshaishika ramani kifuani, ameikumbatia kwa mikono miwili. Alitikisa kichwa kukubali. Birika naye akakubali. Wangeweza. Vinywa vile visivyowahi kuzuia kitu, siku hiyo vingeweza kuzuia, na Bibi Kesi aliviona vinavyojifunga kwa ajili yake, na ndipo aibu ilipompanda kweli, kutoka miguuni, kama maji. Maisha yote alitaka watu wawe upande wake. Sasa wako upande wake, na angalia ni upande gani.

— Sogea karibu, alimwambia yule binti. Kaa hapa. Birika, mpe kahawa.

— Nimekatazwa kukaa, mama mkubwa.

— Na nani?

Binti akasita.

— Nyumbani. Walisema nikufikishie ujumbe nirudi.

— Wamefanya vizuri. Basi simama, lakini unisikilize. Pale ninapopanda viazi, unapajua? Lile bonde kabla ya mwamba. Mwambie baba mkwe wako wapimaji nitawapeleka hapo. Jiwe la mpaka litawekwa kwenye bonde, kwa urefu wake wote. Viazi nitaving'oa leo. Kuanzia hapo kwenda kwenye mwamba, hadi kwenye maji na kuvuka maji, ni kwake. Kulikuwa kwake tangu zamani. Mashine haitafika hata karibu na kaburi, haitakuwa na sababu ya kufika.

Binti alifumbua macho.

— Hadi kwenye bonde? Mama mkubwa, pale si ni karibu na jiko lako?

— Karibu kabisa.

— Ataniuliza kwa nini. Nimwambie nini?

— Mwambie ramani ya Gia Nne imesema... Bibi Kesi akaitazama ile karatasi kifuani mwa dereva. Hapana. Usimtaje Gia Nne, wala ramani. Mwambie nimesema mimi.

Binti akaitikia kwa kichwa, midomo yake inarudia maneno bila sauti. Kisha akauliza, na aliuliza tu, hakuwa na ubaya wowote, maana ugomvi huu alikuwa ameukuta na hakuna aliyempa mwanzo wake:

— Lakini mama mkubwa, kwa nini usiende kumwambia mwenyewe? Yupo. Amekaa nje. Ni hapa tu nyuma ya mashine.

Kijiwe chote kilisikia swali hilo. Hawa ni watu waliojibu msitu ulikwenda wapi na mawe yanatembeaje. Kipara akaingia ndani kutafuta chanuo. Fundi Saa akabana kioo jichoni na hakukuwa na saa mbele yake. Gia Nne akaanza kuikunja ramani iliyokwisha kukunjwa. Birika akainua birika akamimina, yakatoka machicha, akaendelea kuinamisha vile vile.

Bibi Kesi alikuwa anaipima ile njia kichwani. Unatoka hapa, unapita mashine, unashuka bondeni, unapita chini ya mwamba. Hakuna njia nyingine ya kufika mlangoni kwa shemeji. Lazima upite pale alipolala yule mwenzake, karibu kiasi cha kulazimika kumsalimia. Utamwambia nini, wewe uliyemwita jiwe?

— Mpelekee kwanza wewe, alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo, yake mwenyewe, haikuwa imemwiga mtu. Mpelekee hilo la mpaka mbele ya wote, hata mwanangu akiwepo, asikie. Kuna la pili. Hilo usilisemee barazani. Msubiri awe peke yake, umpelekee maji ya kunywa, akishashika kikombe ndipo umwambie. Mwambie mama mkubwa anaomba ruhusa ya kupita pale kwenye mwamba. Si kwa ajili ya shamba. Anaomba kwenda kukaa na mke wako kidogo, kwa sababu siku ile hakwenda. Akikubali, aniletee neno kwa mtu yeyote. Akikataa, mwambie nilisema atakuwa hajakosea. Maneno yangu usiyapambe, mwanangu, wala usiyalainishe njiani. Nenda umfikishie kama nilivyokupa.